Konje ya Kuvua Samaki

Kisangani, Mangobo, 11 janvier 1981

Mutoto wangu Daudi,

Salamu nyingi toka kwangu na toka kwa Zaina dada yako. Barua yako imefika, nimeisoma, nimeona umenuna. Unasema wenzako mliosoma pamoja walipewa kazi hapa Kisangani, wengine hata Kinshasa, lakini weye, moniteur wa pamba muzima, mufundishaji wa wakulima mwenye diplome, umetupwa Bondo, huko juu kabisa kwa Wazande, kwa sababu Papa yako alienda kuongea na chef wa kazi yenu. Ni kweli nilienda. Nilivaa hata abacost yangu ya sherehe. Chef alishangaa sana. Aliniambia: Citoyen Assumani, watu wote wanakuja hapa kuniomba niwatoe Bondo, weye peke yako unaniomba kuingiza mutoto wako. Nikamujibu kwamba watu wote hawajavua samaki kwa maporomoko ya Uele.

Bon, sikia. Mimi niliketi Bondo miaka yangu muzuri yote, kazi yangu foni, kukaa mbele ya radio ya serikali na kupokea habari za zone nzima. Kazi ilikuwa kavu, watu wawili wanapigiana kelele za pamba na kodi mchana kutwa. Lakini maji ya Uele yakishuka mwezi wa kwanza, na mawe yanatoka nje meusi, hapo mutu alikuwa anasahau hata jina la komisere, mukubwa wa zone. Tafuta Hilaire, muvuvi wa kijiji cha maporomoko. Siku hizi labda anajiita jina la kienyeji la authenticité, lakini ukiuliza Hilaire wa mawe watakuonyesha. Mwambie weye ni mutoto wa Foni, kule waliniita hivyo juu ya kazi yangu. Jiwe langu ni lile pana upande wa chini, linainama kidogo. Ukae pale asubuhi jua likianza kuchoma, utupe ndoano kwenye povu, usiitupe nje ya povu. Mbenga, samaki yule mukubwa, anakaa chini ya povu na meno yake yote akingoja wajinga.

Nikuambie na dhambi yetu ucheke kidogo. Chef wetu wa wakati ule alikuwa mukali, hatoi konje, ruhusa ya kuacha kazi siku chache, kwa samaki, anatoa kwa kilio tu. Lakini foni ilikuwa mikononi mwangu. Mwenzangu akiona maji yameshuka, anapita mbele ya dirisha ananikonyeza, na chef anapokea habari: shangazi wa fulani iko mubaya sana Buta, kuya upesi. Mutu anafunga mufuko wake na uso wa kilio, tunakutana kwa maporomoko. Mama mukwe wangu aliugua kila mwaka maji yakishuka, maskini, na mpaka leo ni muzima kuliko mimi. Tulikuwa tunaita hiyo konje ya samaki.

Utaona na mambo ya ajabu. Wazee wa kijiji kile wanashuka kwa maji wakishika kamba ya liane ya porini iliyofungwa toka nyumba mpaka kwa mawe. Hawatazami chini, hawatazami nyavu, kila kitu ni vidole. Sisi watu wa ofisi tulibaki midomo wazi. Na viko vidudu vidogo vyeusi vinauma miguu, vinakaa pale pale kwenye povu. Utajikuna, halafu utazoea. Asiyeumwa na vile vidudu hajavua Uele.

Jioni ya leo nimekaa hapa Mangobo na pansiyo yangu, pesa ya uzee, nasikia harufu ya samaki ya jirani, na moyo wangu uko kule kwenu. Usininunie tena.

Papa yako,
Assumani Waziri


Bondo, 20 avril 1981

Papa,

Naomba unisamehe kwa ile barua ya hasira. Nimemupata Hilaire. Niliposema mimi ni mutoto wa Foni, alinishika uso na mikono miwili, akapitisha vidole kwenye pua na paji, akasema: ndiyo, ni ya Assumani hii pua. Sasa naye anashuka kwa maji akishika ile kamba. Amekuwa fundi kama wazee uliowaona.

Papa, ulisema kweli. Nilikaa kwenye jiwe lako jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, nikatupa ndoano kwenye povu, na kitu kikavuta mpaka nikaanguka magoti. Mbenga! Alikata uzi, lakini nilimuona. Tangu siku ile akili ya pamba imenitoka. Wakulima wananiuliza mbegu, mimi naangalia kama mawingu yatajaza muto. Hapa hakuna bia, hakuna sinema, mushahara unakuja wakati unapotaka, lakini samaki iko, na Élise, binti ya Hilaire, anaipika ndani ya majani, liboke na pilipili, mpaka mutu analamba vidole.

Vile vidudu vyako vinakusalimia. Nimekuwa mutu wa kujikuna.

Niandikie tena habari za zamani. Mulikuwa mukitumia chambo gani wakati maji iko chafu?

Mutoto wako,
Daudi


Kisangani, 6 juillet 1981

Daudi,

Ninaandika herufi kubwa kwa sababu macho yangu haionani vizuri na karatasi. Barua hii naipa Zacharie, dreva wa kamio ya pamba. Ameniapia ataiweka mkononi mwako.

Tangu mwaka jana nilikuwa naona moshi. Nilisema ni uzee, nikanunua miwani sokoni, haikusaidia, nikabadilisha, haikusaidia. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu tu. Zaina alinivuta kwa nguvu mpaka kwa dokta wa macho. Yule dokta hata hakuanza na macho. Aliniambia nipandishe suruali, akatazama madoa meupe kwenye miguu yangu, akaniuliza: Papa, uliishi kaskazini, karibu na maporomoko? Nilifurahi, Daudi. Nilidhani nimepata mutu wa kuongea naye samaki. Nikamueleza jiwe, na povu, na Hilaire, mimi nacheka, yeye anaandika.

Halafu akakata kangozi kadogo kwenye kiuno changu, akatia ndani ya tone la maji chini ya mashine yake, akaniita nitazame. Kwa jicho la kulia niliweza bado kuona kidogo. Yako mambo kama minyoo yanacheza mule ndani, membamba kama uzi. Yanatoka kwa wale vidudu vyeusi. Wanazaa kwenye maji yenye povu, wanamuuma mutu, wanamutia yale ndani, na yanatembea chini ya ngozi miaka na miaka, halafu yanapanda machoni. Kujikuna kule njo mwanzo wake.

Nikamuuliza dawa. Anasema iko sindano moja, kali sana, inaweza kuharibu figo na kumaliza hata macho yaliyobaki, hawezi kunipa. Macho ya kwangu, iliyokufa imekufa. Nikamuuliza, na kijana aliyefika kule mwaka huu? Akasema kijana dawa yake ni kutoka upesi, kwa sababu kila kuumwa kunaongeza, na akitoka mapema macho yake yanaweza kupona.

Daudi, zile kamba. Mimi nilikuandikia ni ufundi. Wale wazee walikuwa vipofu, na sisi tuliosoma tulikaa juu ya jiwe tukiwasifu.

Usirudi kwa lile jiwe. Usirudi hata siku moja. Omba konje yako ya mwaka sasa hivi, njoo Kisangani, dokta akukate kangozi, halafu tutatafuta njia ya kukuhamisha. Mimi niliyekuingiza nitakutoa. Jibu upesi.

Papa


FONI — KISANGANI KWA BONDO — 28 septembre 1981
KWA CITOYEN DAUDI ASSUMANI, MONITEUR WA PAMBA. PAPA MUBAYA SANA. OMBA KONJE. KUYA UPESI.


Bondo, 2 novembre 1981

Papa weye! Kumbe hujaacha!

Nimecheka mpaka Élise alidhani nimepandwa na kitu. Komisere aliniita ofisini, amesimama, amevua kofia. Alinishika mkono, akaniambia nijikaze, akatuma niletewe kahawa. Mimi nilikuwa tayari kulia kweli. Halafu nikasoma karatasi: papa mubaya sana, omba konje, kuya upesi. Nikatazama dirishani, maji ya Uele yamejaa lakini upande wetu mawe yameanza kutoka, na nikaelewa. Konje ya samaki! Mutu mwenye pansiyo, mzee wa watu, bado unawachezea machef mpaka leo. Niliinamisha kichwa, nikaweka uso wa kilio kama ulivyonieleza, nikapewa konje yote ya mwaka, hata na kibali cha kusafiri.

Sikupanda kamio, nilishuka kwa maporomoko. Papa, nilikaa kwenye jiwe lako konje nzima. Asubuhi mpaka jua linaingia, miguu ndani ya povu. Nimemuvua mbenga, yule mwenyewe, urefu wake ulimushinda Élise kubeba. Hilaire alimupapasa toka kichwa mpaka mukia, akasema siku ile ungekuwepo ungelia. Tulimukausha nusu, kipande chako kinakuja na kamio ya kwanza itakayopita. Niliporudi kazini nilitangaza kwamba Papa amepona, Mungu ni mukubwa, na komisere alifurahi sana.

Nina habari nyingine, na niliogopa kuiandika. Élise anaishi kwangu sasa, na ana mimba. Ni mukristo na sisi ni waislamu, najua, tutaongea. Lakini mutu aliyenitumia konje kama ile hawezi kunifukuza.

Barua toka kwako sijapata tangu janvier. Wanasema bac ya njiani, inayovusha makamio kwa muto, imeharibika, makamio yote yamelala upande ule. Nimejikuna miguu mpaka imetoka damu, Élise ananipaka mafuta ya mawese. Si kitu.

Asante, Papa. Hakuna baba mwingine anayemufanyia mutoto wake hivi.

Daudi


Kisangani, 15 janvier 1982

Kaka Daudi,

Ni mimi Zaina ninayeandika. Papa anasema, mimi naweka kwenye karatasi. Haoni tena. Jicho la kulia lilizima mwezi wa kumi. Anatofautisha mchana na giza, basi.

Barua yako nilimusomea hapa barazani. Nilipofika pale kwa konje ya samaki, nilidhani ataniambia nisimame. Aliniacha nisome mpaka mwisho. Halafu akaomba nisome tena pale unaposema miguu ndani ya povu, nikasoma, akaanza kujipiga kichwa na kiganja, nikamushika mikono. Sijapata kumuona Papa vile.

Sasa maneno yake ni haya.

Daudi, haikuwa mchezo. Nilingoja jibu la barua yangu ya juillet, halikuja. Nikaenda kwa foni ya Makiso, hapa mjini, Zaina akinishika mkono. Kijana wa pale mimi njo nilimufundisha kazi, lakini anasema siku hizi kila neno linahesabiwa na stasiyo zote zinasikiliza, anaweza kunipa mustari mmoja tu. Ningesema nini kwa mustari mmoja? Ningetangazia zone nzima kwamba maji yao yanawapofusha, na mimi niko mutu wa pansiyo, nakula pesa ya serikali? Niliandika neno ambalo komisere hawezi kukataa. Nilijua halikataliki kwa sababu mimi mwenyewe nililitumia kila mwaka. Sikufikiri hata kidogo kwamba na weye unalijua, toka barua yangu mwenyewe.

Barua ya juillet itakufikia siku moja na itakueleza ugonjwa. Kama haijafika, sikia kwa kifupi: vidudu vya povu vinatia minyoo mwilini, minyoo inaua macho. Kujikuna kwako ni hiyo. Toka kule. Muchukue na Élise, simukatai, mukristo asiye mukristo, njoo naye na mimba yake, nyumba iko.

Nilienda tena kwa chef aliyekutuma. Alinipa kiti, alinipa pole ya macho, mutu mwenye adabu. Lakini anasema Bondo hakuna wa kukubadili, hakuna anayekubali kwenda, na mutu akiacha posti yake bila karatasi anafutwa kazi na hapewi nyingine. Nikamuambia nitabaki hapo kwenye kiti mpaka akubali. Walifunga ofisi, Zaina akaja kunitoa.

Hayo njo maneno ya Papa. Ya kwangu ni machache. Kile kipande cha mbenga kilifika pamoja na barua yako, dreva aliyevuka kwa mutumbwi alikileta. Papa alikiweka mapajani, akakipapasa, akaninyima kukipika. Baadaye alisema nikawape majirani.

Zaina, kwa Papa


Bondo, 9 mai 1982

Papa, na weye Zaina,

Bac imetengenezwa, na barua zenu zote mbili zimefika siku moja, ya juillet na ya janvier pamoja. Nilisoma ya juillet kwanza.

Papa, nilitangaza kwa furaha kwamba umepona. Watu wa ofisi wakiniona njiani mpaka leo wananiuliza, Papa mzima? Na mimi nawajibu mzima.

Nimeenda kwa enfirmie, muuguzi wa hapa. Alipandisha suruali yake mwenyewe, akanionyesha miguu yake. Madoa yale yale. Anasema anajua ugonjwa, ana makartoni ya aspirini na mercurochrome ya vidonda, basi. Nikamuuliza kwa nini hakuna anayewaambia watu. Akaniuliza: na mimi, watu hawa niwapeleke wapi? Mashamba iko pale, maji ya kunywa iko pale, samaki iko pale.

Nilimueleza Hilaire. Sikujua nianzie wapi, nikamuambia tu kwamba ni vidudu. Alicheka kwa upole. Anasema wazee wake wote walizima, na baba za wazee wake, na kamba ile aliyoshika ilifungwa na baba yake, anaibadilisha tu ikioza. Halafu akaniuliza kama na Foni amezima. Nikasema ndiyo. Akasema: basi mwambie atafute kamba ngumu, na atembee taratibu hata kama anajua njia.

Nimemuomba komisere konje nije Kisangani. Nilimuambia ukweli wote, Papa, nilimuomba kama mutoto mudogo. Alinitazama sana. Akasema: Citoyen Daudi, papa yako aliugua mwaka jana, nilikupa konje yote, ukarudi ukaniambia amepona. Utaniletea ugonjwa mara ngapi? Nikasema huu ni wangu. Akasema ninaonekana muzima. Na kweli ninaonekana muzima.

Kutoroka nimefikiri. Élise amezaa mwezi uliopita, mutoto mwanaume, nimemuita Assumani. Kamio inachukua siku mingi, mvua imekata barabara, mutoto bado laini. Nikifika bila kazi tutakula nini, sote watano, kwa pansiyo yako ambayo haitoki? Zaina, niambie kama nafikiri vibaya. Nawaza tukae mpaka mutoto awe na nguvu, halafu tutajaribu maji yakishuka.

Kwa jiwe siendi tena. Lakini vidudu havikai kwa jiwe tu. Élise akienda kuchota maji navyo vinakuja. Nimemuambia amufunike mutoto miguu, anamufunika, mutoto analia kwa joto, anamufunua.

Zaina, hapa chini usimusomee Papa. Jioni naona moshi kidogo kwenye jicho moja. Labda ni woga. Enfirmie anasema kwa kawaida inachelewa zaidi. Lakini mimi nilikaa ile konje nzima ndani ya povu. Mwambie tu kwamba niko muzuri.

Daudi


Kisangani, 30 juin 1982

Kaka Daudi,

Barua yako imefika. Nilimusomea Papa barazani kama kawaida. Pale kwa jina la mutoto aliomba nirudie, nikarudia, akasema Assumani, Assumani, akatabasamu kidogo, ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Kwa maneno ya Hilaire alitikisa kichwa.

Nilipofika pale ulipoandika nisisome, sikusimama hata kidogo, nilienda moja kwa moja nikasema: mwambie Papa niko muzuri, Daudi. Nikakunja karatasi.

Papa akaniambia, taratibu, bila hasira: Zaina, soma alichokuambia usisome.

Nilikataa. Nilisema hakuna kitu. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi nikifikiri atatosheka kuishika. Akaifunua, akaipapasa chini, akaweka kidole pale pale ambapo kalamu yako iligandamiza. Akasema: hapa.

Basi nikamusomea, Kaka. Unisamehe. Nilisoma neno kwa neno, moshi, na woga, na ile konje nzima.

Hakulia. Hakujipiga. Alikaa vile mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwake. Mimi nilikuwa na mambo mengi ya kukuandikia, kuhusu kazi ninayotafuta, kuhusu kitanda cha Élise na mutoto ambacho nimekiomba kwa jirani kama mutakuja. Papa anasema niandike moja tu, ifike upesi na kamio ya kesho. Ameniuliza tena asubuhi, na ameniuliza sasa hivi ninapoandika.

Anauliza ni jicho gani. Yeye ilianza na la kushoto.

Zaina